Kwenda Barcelona kwa Ndege: Panga Hivi Usije Ukalipa Mara Mbili

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunapanga safari ya Barcelona, kuanzia sebuleni hapa Dar es Salaam mpaka miguu ikanyage mchanga wa ufukwe wa Barceloneta. Chukua kalamu, maana safari hii inawala watu pesa pale wanapofanya jambo la tatu kabla ya la kwanza.

Jambo la kwanza, toa pasipoti yako kabatini uiangalie. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na muda wake uwe unavuka angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya. Ukiona ina mashaka, simamisha video hapa, nenda Uhamiaji, halafu urudi. Nitakusubiri.

Umerudi? Chagua tarehe. Agosti iache: jua kali, bei juu, ufukweni hata pa kutandika taulo hupati. Mimi ningekwenda Septemba. Bahari bado ina joto, na kuelekea tarehe 24 mji unasherehekea La Mercè, sikukuu yake kubwa, ambapo watu wanapandana mabegani ghorofa baada ya ghorofa, na kileleni kabisa anapanda mtoto. Moyo unakudunda wewe uliyesimama chini.

Sasa viza, na hapa tukae kidogo. Unaomba viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, na unaiombea Hispania, kwa kuwa ndiko utakakokaa siku nyingi. Dirisha linafunguka miezi 6 kabla ya safari na ombi lisichelewe kupita siku 15 kabla. Usingoje hizo 15! Mtu mzima analipa euro 90, na ukikataliwa hairudi. Utahitaji bima ya safari inayofika euro 30,000, taarifa ya benki, barua ya mwajiri au karatasi za biashara yako, na mahali pa kulala. Na tiketi je? Peleka buking tu, ile nafasi iliyoshikwa bila kulipiwa. Mimi mara ya kwanza niliona bei nzuri nikalipa yote, tiketi isiyorudishwa pesa. Viza ikatoka siku nne baada ya ndege kuondoka. Nikabaki na viza mkononi, na ndege imeshakwenda.

Viza ikishagongwa, ndipo tunanunua. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja; utaunganisha, mathalani Istanbul, Doha au Dubai. Unapotafuta, angalia herufi tatu za uwanja: BCN. Huo ndio El Prat, uwanja wa Barcelona wenyewe. Ukikuta bei ya ajabu pameandikwa GRO, hiyo ni Girona, kama kilomita 90 kutoka mjini. REU ni Reus, nako mbali vilevile.

Safari yote iwe kwenye tiketi moja. Ukinunua vipande viwili, unaweza kushushwa uwanja wa Istanbul ulio upande wa Ulaya, na ndege ya pili ikawa inaondokea Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Kutoka huu kwenda ule lazima uingie Uturuki, na hiyo ni viza nyingine, mzigo mgongoni, saa inakimbia.

Kabla hujafunga kompyuta, nunua tiketi ya kuingia Sagrada Família. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1882, na tiketi zake zinauzwa mtandaoni kwa siku na saa maalumu. Ukienda mikono mitupu utalipigia picha nje.

Kufika mjini ni rahisi. Basi la Aerobús linakupeleka Plaça de Catalunya. A1 linatoka jengo la T1, A2 linatoka T2. Mwenye kubana matumizi apande basi la kawaida namba 46 mpaka Plaça d'Espanya. Treni ya chini ya ardhi ipo, ila kadi ya T-casual ya safari 10 haikubaliki kwenye vituo vya uwanjani. Na ukishuka La Rambla, ule mtaa maarufu wa katikati ya mji, simu usiiweke mfuko wa nyuma. Vibaka wa pale, wa Kariakoo wakasome.

Mwisho, usiku wa kufunga mizigo. Vimiminika vya begi la mkononi visizidi chupa ya mililita 100, mafuta ya nazi yamo. Halafu chapisha bima, hoteli na tiketi ya kurudi, uziweke kwenye mkoba wa bega pamoja na pasipoti. Afisa wa uhamiaji anaweza kuziomba zote, na begi lako kubwa wakati huo linazunguka kwenye mkanda, nyuma yake.