Jani Moja, Macho Ishirini

Mwadila, ndugu zangu. Itifaki imezingatiwa. Naomba tuingie kazini moja kwa moja, maana matembele haya yamechumwa asubuhi na joto la humu ndani litayanyausha kabla sijamaliza maneno.

Kila kiti kina jani moja, karatasi na penseli. Shika jani kwa mkono usioandikia. Weka ncha ya penseli kwenye karatasi, halafu karatasi yenyewe usiitazame tena. Macho yabaki kwenye jani. Anzia pale kikonyo kinapoingia, fuata ukingo taratibu kama sisimizi anayetembea pembezoni, mpaka urudi ulikoanzia. Dakika mbili, bila kuongea.

Haya, wekeni penseli chini. Nimesikia vicheko. Mistari imepishana, wengine jani limetoka nje ya karatasi. Ni sawa kabisa. Sasa mpe jirani yako jani na karatasi, nawe upokee vya kwake.

Mnaona tofauti? Kuna aliyeshika jani lenye umbo la moyo, na kuna aliyeshika lililochanika vidole vitano. Yote ni matembele, ila mbegu za viazi ni tofauti. Mama wa mstari wa mbele ameshaanza kumweleza kijana aliye pembeni yake mbegu ipi kwao wanaikatia michembe na ipi wanaichemshia matobolwa, yaani viazi vya kukausha. Nilikuwa mlangoni mlipokuwa mnaingia. Hawa wawili walikaa bila kusalimiana. Sasa wameinamia jani moja. Mada yangu ya leo ndiyo hiyo: kuchora mimea pamoja.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa baiolojia alichora jani ubaoni kwa chaki, sisi tukanakili. Nje ya dirisha kulikuwa na mwembe. Mimi nikachora jani la mwembe ule, pamoja na tundu lililotobolewa na mdudu. Daftari lilirudi na mkwaju wa wino mwekundu na maneno matatu: jani halina tundu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na sikuchora tena kwa hiari yangu mpaka nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe. Linaniuma hadi leo, kwa sababu kila Jumamosi, kwenye kikundi chetu cha kuchora mimea, nakutana na watu wazima wanaosema "mimi sijui kuchora", na nikiwauliza waligundua lini, karibu wote wananitajia darasa na mwalimu. Hakuna aliyesema mkono wake ndio uliokataa.

Sasa niwapeleke Luchelele, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Tulikuwa kumi na mmoja, tumeketi juu ya mawe, kila mmoja na kipande cha boksi cha kuegemezea karatasi. Tulikuwa tunachora magugu maji. Mvuvi mmoja, mzee kiasi, alikuwa karibu akishona wavu wake. Akatutazama muda mrefu, akauliza, "Sasa huo uchafu mnauchorea nini?"

Ana haki ya kuuliza. Mmea ule asili yake ni Amerika ya Kusini, na ulionekana ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 ulitanda mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka. Yeye anaujua kama mtu anavyomjua mdeni wake. Tukamwomba akae, akakaa. Akachomoa kisu, akapasua lile tunguu la kikonyo linaloufanya mmea uelee, akatuonyesha ndani: vyumba vidogo vidogo vya hewa, vimepangana kama sega la nyuki. Mimi nimefundisha miaka mingi na sikuwahi kufikiria kulipasua. Penseli zote kumi na moja zikahamia kwenye sega lile.

Kisha msichana mmoja aliyekuwa akichora jani peke yake akalalamika kwamba jani lake ni chafu, lina vidoa vya rangi ya udongo, kila kidoa kidogo kuliko punje ya mtama, akauliza kama aviruke. Nikamwambia chora unachokiona. Mzee akainama, akacheka. "Hao ni fukusi." Na kweli, zile ni alama za meno. Katika miaka ya 1990 nchi zinazozunguka ziwa zilileta wadudu hao, ambao asili yao ni kule kule kwa gugu lenyewe, wakafugwa na kuachiwa majini ili walidhoofishe. Mzee alikuwepo. Akatusimulia jinsi mazulia yale yalivyogeuka kahawia, yakakatikakatika, yakazama, na siku ambayo yeye na kaka yake walitoka tena na mtumbwi asubuhi bila kusukumana na majani. Haikuwa kazi ya fukusi peke yao, na gugu halikuisha, mnaliona kila msimu. Lakini yule msichana angeviruka vile vidoa, hadithi ile tusingeisikia.

Tulipokuwa tunakusanya vitu, mzee akaomba karatasi. Akachora ua. Petali ya juu ya ua lile ina doa la njano lililozungukwa na bluu, kama jicho la tausi. Akalichora doa kubwa kuliko ua zima. Akasema, "Miaka yote hii nalichukia, sikujua kwamba lina jicho."

Huwa naulizwa: kwa nini tusipige picha kwa simu, tukamaliza? Simu ni nzuri, mimi mwenyewe ninayo. Ila wataalamu wa mimea mpaka leo wanachora, kwa sababu mchoro mmoja unaweza kukuwekea mzizi, ua lililopasuliwa na mbegu kwenye ukurasa ule ule. Na kwa watu kama sisi kuna sababu nyingine. Picha unaipiga kwa sekunde moja na kuondoka. Mchoro unakukalisha saa nzima karibu na mtu mwingine, na macho yenu wote yako kwenye kitu cha tatu. Mtu ambaye ukimtazama usoni angenyamaza, akiwa anachora anaongea.

Mfano wa pili ni wa upande wa Kisesa, na huu unahusu mgagani. Mmea mnaujua kwa ulimi, lakini wangapi mmelitazama ua lake? Petali nne nyeupe, zimekaa chini. Kutoka katikati kinapanda kijiti chembamba, na juu kabisa ya kijiti, mbali na petali, ndipo zinapochipuka stameni sita, kila moja na kichwa chake cha chavua. Kijana mmoja, fundi hasa wa mkono, alizichora zikitokea kwenye petali, kama maua mengi yalivyo. Mchoro ulikuwa wa kuvutia. Bibi mwenye shamba akautazama, akasema, "Mjukuu wangu, umekosea. Hivi vinatokea juu."

Bibi yule hajawahi kushika penseli. Amejuaje? Kila msimu anayakata maua hayo, kwa sababu mgagani ukiachwa uchanue majani yanapungua upesi. Vidole vyake vimepita pale mara elfu. Kijana alikuwa na mkono, bibi alikuwa na ua. Mchoro ulikuja kuwa wa kweli walipokaa kigoda kwa kigoda, mmoja akisema na mwingine akichora.

Tangu siku hiyo tuna sheria moja: chini ya kila karatasi yanaandikwa majina mawili, la aliyechora na la aliyetuambia. Mwaka 1861 msafiri Mskochi James Augustus Grant alifika Karagwe, ng'ambo ile ya ziwa. Mguu wake ukapata kidonda kibaya, mwenzake Speke akatangulia kwenda Buganda, naye akabaki kwa Mukama Rumanika, mfalme wa huko, kwa miezi. Grant alikuwa mtu wa kuchora na kukusanya mimea. Kila nikimfikiria na rangi zake za maji, najiuliza ni nani aliyekuwa ameketi pembeni akimtajia mmea huu unaitwaje na unatumika kwa nini. Ningependa sana kujua jina la huyo.

Mambo ya vifaa hayana uzito. Penseli ya HB inatosha. Raba iache nyumbani, mstari uliokosewa ubaki tuuone. Na zawadi ya mchoro bora msitoe. Sisi tulitoa mara moja, kwa nia njema kabisa, na wiki iliyofuata watu watatu hawakurudi. Nilikwenda kumtafuta mmoja wao. Akaniambia alidhani pale hakuna mashindano.

Wenye watoto, anzeni na mafunjo, yamejaa kando ya ziwa. Mpe mtoto shina alizungushe kati ya vidole akiwa amefumba macho, akuambie lina pande ngapi. Atasema tatu. Kisha mwambie kwamba Wamisri wa kale, huko maji ya ziwa letu yanakoishia kwa njia ya Nile, walikuwa wakilichana moyo wa shina hilo, wanalaza vipande tabaka mbili zinazokatana, wanagandamiza na kukausha, wakapata pa kuandikia. Atataka kujaribu. Mwacheni ajaribu.

Zimebaki dakika kumi, na sitazitumia kuongea. Geuza karatasi yako upande wa pili. Jani alishike jirani yako, wewe usilione. Yeye akuelezee: kikonyo kina rangi gani, mishipa mikubwa ni mingapi, pana tundu au hapana. Wewe chora unachoambiwa. Mama wa mbele, anza na huyo kijana.