Lami, Sofala, Doti: Kutunga Fumbo la Muziki kwa Msako wa Timu

Mhadhara kwa watungaji wa misako ya mafumbo, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zetu, na wengine wote habari za jioni. Tuanze kazi wakati umeme bado upo.

Kwa mliokuja mara ya kwanza: msako wa mafumbo ni mchezo wa timu, mara nyingi watu wanne hadi sita. Jibu la kila fumbo ni neno moja au kifungu kifupi, na hakuna anayekupa maelekezo. Kugundua unatakiwa ufanye nini ndiyo nusu ya kazi. Msako maarufu kuliko yote ni wa chuo cha MIT, Marekani. Ulianza 1981, hufanyika kila Januari, na timu inayoshinda hukabidhiwa mzigo wa kutunga wa mwaka unaofuata. Adhabu nzuri hiyo.

Leo nazungumzia fumbo la muziki peke yake. Ubaya wake ni kwamba linaigawa timu kabla hata haijaanza. Mmoja amekulia kwenye kwaya, wengine wanne noti ya so na noti ya la kwao ni mamoja. Ukilitunga bila kufikiri, huyo mmoja atavaa spika za masikioni na hao wanne watakwenda kununua mihogo. Kwa hiyo ninachowaomba ni hiki: kila taarifa inayobeba jibu iwe na milango miwili, mmoja wa sikio na mwingine usiotegemea sikio. Badala ya kulihubiri jambo hili, nitalijenga fumbo zima mbele yenu.

Watungaji wengi hukimbilia herufi za noti, A hadi G. Kwa Kiswahili hazifiki mbali. Unapata baba, dada, bega, debe, baada, halafu unaanza kulazimisha. Irabu zenyewe ni mbili tu. Lakini tuna kitu bora zaidi ambacho kimelala kwenye makabati ya kwaya zetu: do, re, mi, fa, so, la, ti. Mfumo huu wa kuandika nyimbo kwa d, r, m, f, s, l, t ulitengenezwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover, kisha John Curwen akausambaza, na karatasi za kwaya zetu zimejaa nao hadi leo. Kila jina la noti hapo ni silabi inayoishia na irabu, na maneno yetu yamejengwa hivyohivyo. Kwa hiyo melodia inaweza kutamka neno: mila, lami, doti, dola, refa, sofa, lala, dodo. Kuna jina la mtu, Latifa. Kuna hata mji wa kihistoria, Sofala: so, fa, la.

Sasa tuchague maneno sita na tuyapange hivi: LAMI, SOFALA, DOTI, MILA, REFA, LATIFA. Baada ya kila neno yanapigwa makofi: matatu, moja, matatu, manne, moja, manne. Idadi ya makofi inakwambia uchukue herufi ya ngapi. Herufi ya tatu ya LAMI ni M, ya kwanza ya SOFALA ni S, ya tatu ya DOTI ni T, ya nne ya MILA ni A, ya kwanza ya REFA ni R, ya nne ya LATIFA ni I. Jibu ni MSTARI.

Angalieni kwamba neno la kwanza lina silabi mbili na makofi matatu. Hilo nimelifanya makusudi. Timu ikidhani inahesabu silabi, inakwama palepale mwanzoni na kubadili mawazo. Kama neno la kwanza lingekuwa na kofi moja au mawili, ingepotea kwa nusu saa nzima.

Huo ni mlango wa sikio. Mlango wa pili ni karatasi yenye vidokezo sita, vimepangwa kwa alfabeti ili timu ijue kwamba mpangilio wa karatasi hauna siri yoyote:

Bandari ya dhahabu iliyowahi kuwa chini ya Kilwa.
Haiachani na desturi.
Hubeba filimbi na kadi za rangi mbili.
Jina la msichana, lenye maana ya mpole.
Khanga mbili ambazo hazijakatwa.
Nyeusi, hulainika kwa jua la mchana.

Wale wanne wasiojua noti wanashika karatasi na kuanza: refa, doti, lami. Wakishapata maneno matatu wataona silabi zinavyojirudia, na hapo mtu wa kwaya atapiga kelele. Kilichobaki ni kujua neno lipi liko kwenye sauti ipi, na hapo pia huhitaji kujua noti. LAMI ndilo neno pekee la noti mbili linaloshuka. DOTI linaruka juu mno, nusu-sauti 11 (nusu-sauti ni hatua moja ya kinanda, ukihesabu vibonye vyeupe na vyeusi). MILA linapanda nusu-sauti 5, REFA 3 tu. Mtu yeyote anaweza kupanga mruko mkubwa, wa kati na mdogo. Maneno ya noti tatu yako mawili: SOFALA linashuka kisha linapanda, LATIFA linapanda kisha linashuka. Nikitunga huwa nachora hii michoro ya kupanda na kushuka kwanza, kabla sijagusa kinanda. Maneno mawili yakiwa na umbo linalofanana sana, moja linatoka, hata kama nalipenda.

Na karatasi inamsaidia mtu wa kwaya pia. Mi na fa zimepishana kwa nusu-sauti moja. Do ikiwa C ya kati, ile ya katikati ya kinanda, yaani hezi (mitetemo kwa sekunde) 261.6, mi ni hezi 329.6 na fa ni 349.2. Hata sikio zuri, mahali penye kelele, litaandika REMI badala ya REFA na kuapa ndivyo. Karatasi inalirudisha kwenye mstari.

Kurekodi kwenyewe ndiko mafumbo mengi huharibika. Msikilizaji hawezi kujua hii ni la au ni so mpaka umpe do. Mwalimu wa kwaya hutoa sauti kabla ya kuanza, na wewe utoe: piga do, mi, so, do ya juu, pigo moja moja, kisha shikilia do mapigo manne. Sehemu hiyo ipigwe kwa chombo kingine, filimbi kwa mfano, na maneno yapigwe kwa kinanda, ili mtu asidhani do-mi-so-do ni neno la kwanza. Halafu kumbusha do kwa ile filimbi kabla ya kila neno linalofuata. Jina la fumbo nalo lisaidie. Mimi ningeliita "Shika Do Yako".

Kasi iwe mapigo 60 kwa dakika, kila noti pigo moja, kila kofi pigo moja. Weka pigo moja la kimya kati ya neno na makofi yake, na mapigo mawili kabla ya neno linalofuata, ambamo ile do ya filimbi inaingia. Jumla ni utangulizi wa mapigo 8, noti 14, makofi 16 na nafasi 16: mapigo 54, yaani sekunde 54. Kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde faili linakuja chini ya megabaiti moja, kwa hiyo hata mwenye bando la mwisho wa wiki atalipakua.

Msirekodi kwa sauti ya besi. Spika ndogo ya simu ni dhaifu sana chini ya hezi 200 hivi, na oktavu (umbali wa do hadi do inayofuata) iliyo chini ya C ya kati inaanzia 131. Msikilizaji atasikia sauti za juu zinazoambatana na noti badala ya noti yenyewe na ataikosea oktavu. Kaeni kati ya C ya kati na ile inayofuata juu yake. Waimbaji bila chombo pia siwapendekezi hapa, kwa sababu kwaya isiyoshikiliwa na kinanda hushuka polepole, na ule mruko wa ti kwenda fa ndani ya LATIFA, nusu-sauti 6, walimu wa kwaya wanaujua kwa ubaya wake. Kama lazima aimbe mtu, basi asiimbe kwa "la la la". Mnacheka, lakini la ni jina la noti, na timu itaandika LALA mara sita. Aimbe kwa "nu", au avume kwa midomo iliyofungwa.

Kuna jambo moja la lugha yetu ambalo watungaji wanaofuata mifano ya Kiingereza hulisahau. Kiswahili kina maneno mengi mafupi yaliyojipanga karibu karibu. Kaka, kasa, kata, kama, kaza: badilisha herufi moja, bado una neno halali. Jibu la herufi nne likikosewa herufi moja, timu haitajua imekosea. Italeta KATA kwa kujiamini kabisa wakati jibu ni KASA. Ndiyo maana nilichagua MSTARI. Herufi sita, na huo mkusanyiko wa m, s, t mwanzoni hauna majirani wengi. Mtu aliyekosa herufi moja kati ya sita bado atalisoma. Tafuteni majibu yenye umbo kama hilo, na yakwepeni yale yenye konsonanti-irabu, konsonanti-irabu.

Wengi wenu mtataka fumbo la kutambua nyimbo, kwa sababu ni rahisi kutunga. Sawa, lakini chukulieni kwamba jina la wimbo litapatikana ndani ya sekunde chache. Shazam inalinganisha alama za rekodi yenyewe, kwa hiyo ukiupiga upya kwa marimba huenda usiutambue, ila tangu 2020 Google inatafuta wimbo hata kwa kuvumiwa. Utamu wa fumbo uwe baada ya kutambua. Na mkichukua herufi kutoka kwenye majina, hakikisheni jina ni moja. Bendi iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Herufi ya tatu ni T, au W, au T tena, au O, kutegemea anayejibu alizaliwa lini. Melodia ya Enoch Sontonga ya 1897 ni wimbo wetu wa taifa, ni wa Zambia pia kwa maneno mengine, na imo ndani ya wa Afrika Kusini. Ukimwuliza mtu "nchi gani?" umempa majibu matatu. Hapo andikeni mwaka, au idadi ya herufi, utata uishe.

Kuhusu mdundo nitakuwa mfupi. Mose, yaani alfabeti ya nukta (fupi) na mistari (refu), kwa ngoma haifanyi kazi kama watu wanavyodhani, kwa sababu pigo la ngoma hufa haraka na huwezi kulirefusha. Fupi na refu zinasikika sawa. Tumieni ngoma mbili, chapuo kwa nukta na msondo kwa mstari, na acheni kimya cha kutosha kati ya herufi na herufi. Singeli kwa fumbo la kuhesabu mapigo, hapana. Kwa kasi ile anayehesabu atachoka kabla ya kufika popote. Ilimba ya Wagogo (chombo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba) na maqamu za taarabu (ngazi za sauti za Kiarabu) ni nzuri kusikiliza, lakini sauti zake haziangukii zote kwenye noti za kinanda, na programu ya kusawazishia gitaa itazizungusha hadi noti ya jirani bila kukwambia. Zitumieni pale timu inapotakiwa kutambua chombo au mtindo, si noti.

Mahali nako panahitaji akili. Kama msako unaanzia Posta na kuishia Kariakoo, fumbo la kusikiliza lisiwekwe Msimbazi saa sita mchana. Honi, wapiga debe, spika za maduka, adhana: hakuna fa itakayopona. Liwekeni kituo chenye paa na mlango, au liwe la kwanza asubuhi kabla watu hawajatoka. Kila timu ipewe faili lake, msitegemee spika moja ya wote, kwa sababu timu zinazohitaji kurudia zitagombana na zilizokwisha maliza. Msifiche kitu kwenye upande wa kushoto au kulia wa sauti. Anayesikiliza kwa sikio moja, au kwa spika ndogo ya bluetooth, anakosa nusu ya fumbo.

Faili lipeni jina lisilosema kitu. Nimeona majibu yakiwa yameandikwa ndani ya taarifa za MP3, sehemu ya jina la wimbo, na simu inayaonyesha kwenye kioo muziki ukianza tu. Zifuteni. Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama hati, si kama ujumbe wa sauti, ambao hubanwa upya.

Jaribuni kwa makundi mawili yasiyojua jibu: moja lina mtu wa kwaya, jingine halina kabisa. La kwanza limalize kwa dakika 20 hadi 30, la pili lisizidi saa moja. Likizidi, tatizo karibu kila mara ni karatasi ya vidokezo, na dawa ni kukilainisha kidokezo kimoja, kwa kawaida kile cha Sofala. Muziki uacheni kama ulivyo. Siku ya msako andaeni misaada mitatu ya kutolewa kwa mpangilio. Dakika ya 25: "Maneno yote sita yametengenezwa kwa silabi saba tu." Dakika ya 40: "Kabla kwaya haijaimba, mwalimu hutoa nini?" Dakika ya 55: "Makofi yanahesabu herufi." Anayesimamia kituo apewe misaada hiyo imeandikwa neno kwa neno, maana akiachiwa aseme kwa maneno yake, timu ya nne itapata msaada mkubwa kuliko ya kwanza.