Gesi ya AC inaenda wapi, na ndoo ni ya nani?

REHEMA: Tumeanza? Haya, karibuni tena. Leo tuna maswali yenu ya AC, ninayo hapa kwenye simu, ila kwanza Sudi atoe dukuduku lake maana tangu ameingia kanuna tu.

SUDI: We acha. Juzi usiku AC inanguruma vizuri kabisa ila upepo ni vuguvugu, nikatoka na tochi kuangalia ile mashine ya nje, kabomba kembamba ka shaba pale kwenye nati kameganda barafu jeupe. Dar, mwezi wa pili, barafu! Asubuhi kaja fundi, hata begi hajashusha, "bosi gesi imeisha".

REHEMA: Kama kawaida yao.

SUDI: Nikamwambia gesi ya AC haiishi, huu si mtungi wa jikoni. Inazunguka humohumo, ikipungua ujue inavuja. Chukua sabuni paka kwenye nati. Kapaka shingo upande, povu likaanza kububujika palepale, tena nati aliikaza yeye mwenyewe mwaka jana.

REHEMA: Akasemaje?

SUDI: "Duh". Basi.

REHEMA: Na kabla ya kujaza kavuta hewa na pampu? Maana wengine wanaachia gesi kidogo isukume hewa nje wanakwambia tayari, kumbe unyevu umebaki ndani unakuja kuua kompresa, ile inayosukuma gesi.

SUDI: Pampu hana, kaenda kuazima, nimemsubiri mpaka saa kumi nimekaa nje na ndoo yangu ya kukingia maji ya AC...

REHEMA: Ehee, ndoo! Kesi imefika wapi?

SUDI: Jirani wa chini kaja na kidumu. Anadai bomba linadondoshea upande wake kwa hiyo maji ni yake.

REHEMA: Ana hoja.

SUDI: Hoja gani? Luku nanunua mimi!

REHEMA: Na hewa umenunua? Yale ni unyevu wa hewani tu, umegusa koili ya baridi umegeuka maji. Pengine umetokea dirishani kwake huo.

SUDI: Basi achangie umeme. Joto hili usiku mmoja ndoo ya lita 20 inapita nusu, wife anapigia pasi, mimi naoshea pikipiki.

REHEMA: Yeye anafanyia nini?

SUDI: Anatia kwenye betri ya gari.

REHEMA: Wee, mwambie aache! Watu wanaona hayana chumvi wanadhani ni sawa na yale ya dukani, wakati yamepita kwenye vumbi na ukungu wote wa koili.

SUDI: Nikimwambia atasema namnyima.

REHEMA: Mpelekeni mjumbe hiyo ndoo. Ila kaka, lako si ndoo wala nati, hiyo AC ni ya zamani, ya gesi ya R22. Nunua AC ya inveta.

SUDI: Sinunui.

REHEMA: R22 inatoboa ozoni, mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni ni wa 1987, na nchi zetu hizi mwisho wake ni 2030. Itakuja kuwa adimu na ghali.

SUDI: Na R410A, gesi iliyokuja kuichukulia nafasi, je? Si ndiyo hiyo 2016 walikutana hapo Kigali wakakubaliana nayo ipunguzwe? Nihame gesi moja kila ukikaa mkutano?

REHEMA: Chukua ya gesi ya R32 basi.

SUDI: Inashika moto ile, kidogo lakini inashika, na fundi wangu anachomelea mabomba sigara mdomoni.

REHEMA: Badilisha fundi! Inveta ikishapoza inapunguza mwendo, haizimi na kuwaka kama lako. Kwa mtu anayelala nayo usiku kucha Luku ataiona.

SUDI: Ataiona mpaka umeme uruke bodi iungue. Langu kapasita ikifa nabadilisha, yamekwisha. Inveta wanakwambia nunua bodi nzima, na huku Kigamboni hewa ya chumvi inakula kila kitu.

REHEMA: Chumvi inakula na lako, Sudi. Weka stebilaiza.

SUDI: Kwa hiyo AC mpya, stebilaiza mpya na fundi mpya.

REHEMA: Ndiyo.

SUDI: Hapana. Nati imekazwa, inapoza.

REHEMA: Mpaka lini?

SUDI: Mpaka ife.

REHEMA: Mimi siafiki na sitaafiki. Kuna dada kauliza chumba cha mita nne kwa nne... jamani dakika zimeisha? Dada, chukua AC ya nguvu ya kupoza BTU 12,000, na kama jua la jioni linapiga ukuta weka pazia zito. Wa kuosha filta na wa AC inayovujia ndani, wiki ijayo.

SUDI: Ya kuvujia ndani ni bomba la maji limeziba tu...

REHEMA: Wiki ijayo Sudi! Anatukatia huyu wa mitambo.