Bar kumi za Goma: kupima kompresheni kabla ya kuuza gari

Jambo zenu, mabwana na mabibi. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi. Najua wengi mliokaa hapa si mafundi. Mna gari nyumbani, mnataka kuliuza, na komisioneri, yaani dalali wa magari, ameshapita akalizunguka huku akiguna. Vijana wa garaji walio nyuma mnivumilie, nitasema mengi mnayoyajua.

Nianze na namba ya kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa inayobanwa ndani ya silinda, maana ndiyo inayowaliza watu katika mji huu. Tunaupima kwa bar. Injini ya petroli iliyo nzima, ikipimwa pwani, hutoa bar 12 hivi. Nyingine 10, nyingine 14, kutegemea ilivyoundwa. Namba za vitabuni kwa kawaida ni za hewa ya usawa wa bahari. Sasa sisi tuko wapi? Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mji unapanda kutoka hapo kuelekea volkano ya Nyiragongo. Mgandamizo wa hewa yetu ni pungufu kwa asilimia 16 au 17 kuliko wa Dar es Salaam. Pistoni ikivuta hewa kidogo, itabana hewa kidogo. Basi injini iliyosoma bar 12 ilipoteremka melini itasoma bar 10 ikifika hapa, bila kuchakaa hata chembe. Lubumbashi, kwenye mita kama 1,200, ingesoma 10.4.

Mnunuzi mjanja analijua hilo, au halijui kabisa, matokeo ni yale yale. Anakuonyesha 12 kwenye simu yake, anakuonyesha 10 kwenye manometa, saa ya kupimia mgandamizo, anasema, "Mzee, injini imekwisha." Hapo bei inaporomoka, nawe huna la kujibu. Ndiyo maana nasema pima wewe kwanza, siku chache kabla ya kutangaza gari, ili akija na namba yake akukute na yako.

Kinachopimwa ni uwezo wa silinda kushika hewa iliyobanwa. Pampu ya baiskeli yenye ngozi iliyokauka unaisukuma na hewa inakurudia mkononi. Silinda mbovu ni hivyo hivyo. Hewa ina njia tatu za kutorokea: ringi za pistoni, hizi tunazoita segimenti, valvu zisizofunga sawasawa, na jointi ya kulasi, yaani gasketi ya kichwa cha injini. Ringi ndizo zinazoteseka zaidi Goma. Vumbi letu ni la mawe ya volkano yaliyosagwa na magurudumu, linakwaruza kama msasa, na mtu anatembea mwaka mzima na filta ya hewa iliyopasuka pembeni.

Vumbi hilo hilo ndilo sababu ya kupuliza kwa hewa ya kompresa kuzunguka kila buji, yaani plagi ya cheche, kabla ya kuifungua. Nimeona fundi anafungua buji palepale, na chembe nyeusi zinatumbukia ndani ya silinda. Umekuja kupima injini, umeiharibu.

Injini iwe ya uvuguvugu, si ya kuunguza, kwa sababu kichwa cha alumini kikiwa moto sana nyuzi za buji hung'oka. Betri iwe imejaa. Toa buji zote, usitoe moja moja. Chomoa soketi za koili na fyuzi ya pampu ya petroli, maana mvuke wa petroli na cheche havitanii. Funga manometa kwenye tundu la buji, silinda moja baada ya nyingine. Mwenzako akanyage akselereta hadi chini, ashike hapo, azungushe staata mpaka sindano iruke mara tano au sita. Kila silinda ipewe idadi ile ile ya miruko.

Itazameni hiyo sindano, msisubiri namba ya mwisho tu. Silinda nzima inaruka juu mara ya kwanza, kisha inamalizia. Ikianza chini halafu ikapanda polepole kila mruko, shuku ringi. Ikianza chini na kubaki chini, shuku valvu.

Tuseme umepata 10.2, 10, 6.5 na 10.1. Hapa kitabu hakina kazi tena, kwa sababu mwinuko unashusha zote nne sawa. Silinda ya tatu ndiyo inayosema. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake, zungusha kidogo, pima tena. Ikipanda hadi 9, oili imeziba penye ringi, na hiyo ni kazi kubwa ya kufungua injini. Isipopanda, tazama valvu, na usikate tamaa: mara nyingine nafasi ya valvu imebana tu, fundi anairekebisha na gari linarudi kwenye bei yake. Zikianguka mbili zilizo jirani, mathalani ya pili na ya tatu, jointi ya kulasi imekatika katikati yao. Angalia kama maji ya rejeta yanapungua. Zote nne zikiwa chini, usilie kwanza. Betri ilikuwa na nguvu? Mguu ulikuwa umekanyaga?

Nimefika kwenye hila. Komisioneri anaweza kupima bila kukanyaga akselereta. Njia ya hewa imefungwa, namba zinaanguka, anakuonea huruma ya uongo. Muuzaji naye anaweza kutia oili kwenye silinda usiku, asubuhi namba zikapendeza. Nikinunua mimi, nanusa buji na kutazama kama zimelowa oili. Na oili nzito kupita kiasi kwenye injini kuukuu inaniambia mwenye gari ameficha moshi.

Dizeli? Usilete manometa ya petroli. Dizeli nyingi hufika bar 20 hadi 30 na zaidi, utaivunja. Tafuta garaji yenye kipimo chake, kinachofungwa penye injekta au buji za kupasha moto.

Ndiyo, mama, wewe mwenye kitenge cha bluu. Anauliza: gari lake lina namba nzuri silinda zote, lakini asubuhi likiwashwa linatoa moshi wa bluu, kisha unaisha. Swali zuri sana. Kompresheni haiwezi kuuona ugonjwa huo. Mara nyingi ni vipira vya shina la valvu vimekauka; usiku oili inateremka tone kwa tone, asubuhi inaungua dakika moja au mbili. Silinda bado inashika hewa yake yote. Vipira hivyo kwenye injini nyingi fundi mzuri anavibadilisha bila kushusha kulasi. Mama, vibadilishe kabla hujaita mnunuzi, au muwashie gari mbele yake asubuhi likiwa baridi, na karatasi ya namba zako nne iwe mkononi.