Mafuta Yanayoganda na Yasiyoganda

Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi wa magari, Tanga

Vijana, hamjambo. Kabla sijaanza, tazameni chupa hizi mbili. Hii ina mafuta ya nazi. Nimeitoa jikoni kwangu alfajiri, na kwa kuwa ni Julai na kusi inavuma, yameganda meupe kama mshumaa. Hii nyingine ni alizeti ya Singida. Naitikisa, mnaona yanavyocheza. Haya, dizeli imekuishia njiani, una Mercedes kuukuu na chupa hizi mbili. Unamimina ipi?

Alizeti. Karibu wote. Hata mimi zamani ningejibu hivyo. Tena nilijibu kwa vitendo, na jibu hilo likaniulia injini. Nitafika huko.

Kuendesha injini ya dizeli kwa mafuta ya kupikia si jambo geni. Katika maonyesho ya Paris ya 1900, kampuni ya Otto iliwasha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe, aliyeivumbua injini hiyo, aliyasimulia hayo mwaka 1912: serikali ya Ufaransa ndiyo iliyolitaka jaribio lile, ikiwaza makoloni yake ya Afrika, ambako karanga hulimwa tele. Injini ikaenda vizuri, na ni watu wachache waliotambua kwamba inakunywa karanga. Kisha mwaka 1937, Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels akapata hataza ya kuyabadilisha mafuta ya mimea kwa spiriti ili yawe mepesi. Mwaka uliofuata basi la abiria likapita kati ya Brussels na Leuven kwa mawese yaliyotengenezwa hivyo. Ubelgiji wakati huo ilikuwa na Kongo, na Kongo ina michikichi. Kwa hiyo tangu mwanzo wazo hili lilikuwa likitazama huku kwetu. Kilicholilaza ni bei ndogo ya mafuta ya ardhini, wala si ubovu wa injini.

Sasa tuingie chini ya boneti. Tatizo la kwanza la mafuta ya kupikia ni uzito, si wa mizani bali wa kutiririka. Ukiyapima kwenye nyuzi 40, ni mazito kama mara kumi kuliko dizeli. Nozeli, ule mdomo unaopulizia mafuta ndani ya injini, kazi yake ni kuyachana yawe ukungu. Mazito hayachaniki; yanatoka kama mchirizi wa bomba, yanapiga ukuta wa silinda, yanaungua nusu. Ndiyo maana tunayapasha. Yakifika nyuzi 70 au 80 bado hayajawa dizeli, lakini nozeli inayaweza.

Joto hilo tunalo bure, lipo kwenye maji yanayozunguka kati ya injini na redieta. Unafunga tangi la pili, unapitisha bomba la maji ya moto ndani yake, na kabla ya pampu unaweka vali ya kubadilishia. Asubuhi unawasha kwa dizeli ya kawaida. Injini ikishapata moto, unageuza vali. Na kabla ya kuzima, dakika tatu nne, unarudisha dizeli ili isafishe pampu na nozeli. Hapo ndipo watu huharibu. Umefika nyumbani, njaa inauma, mtoto anakuita, unazima tu. Kesho asubuhi pampu imejaa mafuta baridi.

Pampu zenyewe hazifanani. Ile Mercedes 300D, W123, ina injini ya OM617, silinda tano, na pampu yake ya Bosch ni ya mstari: kila silinda na pistoni yake ndogo ndani ya pampu, na sehemu ya chini inalainishwa na oili ya injini. Pampu hiyo ni ng'ombe, haichagui chakula. Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, pampu yake ni ya kuzunguka, na inalainishwa na mafuta yenyewe yanayopita ndani. Ukiilisha mafuta mazito ya baridi, unaikaba koo. Inawezekana, lakini nidhamu ya joto iwe kali zaidi. Injini zote mbili zina chumba kidogo cha awali ambamo moto huanzia, na hicho kinasamehe mengi. Injini za kisasa za komoni reli, ambazo shinikizo lake la mafuta hufika baa 1,600 na kupita, msiziguse. Nozeli ya zamani hufunguka kwa baa 120 au 150. Mteja akikuletea gari jipya na dumu la mafuta ya chipsi, mpe chai, mrudishe nyumbani.

Nirudi kwenye chupa. Mmewahi kuangalia ukingo wa karai la chipsi, kwa nje, pale mafuta yanapochuruzika na kupigwa moto kila siku? Kuna gundi ya kahawia, haitoki kwa sabuni, unaikwangua kwa kisu. Yale ni mafuta yaliyokutana na joto na hewa yakajifunga. Mafuta ya kitani hujifunga haraka hivyo hivyo, ndiyo maana wachoraji huyachanganyia rangi: yanakauka. Alizeti nayo ina tabia hiyo, ingawa kwa upole. Wakemia wana kipimo chake, namba ya aidini: kitani kama 180, alizeti kama 130, mawese kama 50, nazi kama 10 tu. Namba ikiwa kubwa, mafuta ni mepesi kuganda kwa moto. Ikiwa ndogo, ni mepesi kuganda kwa baridi. Kitu kile kile kinachoyafanya yabaki maji asubuhi ndicho kinachoyafanya yawe gundi ndani ya silinda.

Yangu ilikuwa 300D. Nikachukua alizeti iliyokwisha kukaangia, nikaichuja kwa kitambaa, na nilikuwa na safari fupi fupi tu, nyumbani hadi karakana. Injini haikuwahi kupata moto sawasawa. Mafuta yasiyoungua yakapita pembeni ya ringi, yakashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, yakachanganyika na oili. Miezi minane. Siku ya kumwaga oili nikafungua nati, hakuna kilichotoka. Nikaingiza kijiti. Kikatoka na mlenda. Nilikaa chini pale pale, sikusema na mtu. Nilipofungua injini, ringi zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye pistoni.

Kosa lilikuwa langu mara tatu: safari fupi, oili niliyoiacha kilomita 5,000 badala ya kuimwaga kwenye 2,500, na mafuta yenye maji. Ya chipsi huwa na maji ya viazi. Yaacheni yatulie siku kadhaa, mchote ya juu, chini mwageni. Kisha filta nzuri, si kitambaa cha nyanya yangu.

Nazi je? Huganda chini ya nyuzi 24, kwa hiyo inahitaji tangi lenye joto hata huku pwani. Lakini Bougainville, kisiwa cha Pasifiki kilichofungiwa bahari kwa vita miaka ya 1990, watu waliendesha magari kwa nazi kwa sababu hakukuwa na kingine.

Swali? Ndiyo, dada. Inalipa? Kwa mafuta mapya, hapana. Lita ya mafuta ya kupikia bei yake inaipita ya dizeli, na nchi yenyewe bado inaagiza mengine nje. Mtu anayemimina alizeti mpya kwenye gari anachoma fedha za mke wake. Linalowezekana ni mabaki ya hoteli, na hayo si mengi, maana wengine wanakaangia mpaka yawe meusi kama lami. Mbono, mmea wenye mbegu za mafuta, nao ulisifiwa sana miaka ya 2000, wakulima wakapanda. Mavuno hayakufika yalikotajwa.

Na harufu? Ni kweli, kama kibanda cha chipsi. Kule Llanelli, Wales, mwaka 2002 polisi walikuwa wakinusa mabomba ya moshi kuwakamata waliokwepa kodi ya mafuta kwa njia hii.

Haya, jua limefika dirishani na nazi imeanza kulegea pembeni ya chupa. Twendeni karakana. Kuna pampu ya mstari iko wazi juu ya meza, na karibu nayo nimeweka zile ringi zangu.