Ushuru wa Trump, ushuru wa Biden: nani analipa?

Habari zenu ndugu zangu, popote mnaponitazama. Leo sipiki wala siwatembezi madukani. Mmenijazia swali moja: "Wewe uko Iowa huko Marekani, tuambie, Democratic na Republican nani mkweli?" Na nimeona mnavyotukanana huko chini, mtu wa Tandika na mtu wa Kisumu, kisa Trump. Jamani, kura hamna!

Warusi kwanza, kama waliingilia uchaguzi wa Marekani au la, maana ndipo mnapogombana zaidi. Ripoti ya Mueller, mwendesha mashtaka maalumu aliyechunguza jambo hilo, ilitoka Aprili 2019, kurasa mia nne na ushee. Inasema Urusi iliingilia kweli uchaguzi wa 2016: kampuni moja ya St. Petersburg iliendesha kurasa za Facebook kwa kujifanya Wamarekani, na majasusi wa jeshi wakaiba barua pepe za chama cha Democratic. Inasema pia kwamba wachunguzi hawakuthibitisha kuwa kampeni ya Trump ilikula njama na Urusi. Sasa kaa na Mdemokrati, atakusomea hilo la kwanza kisha anyamaze. Mripablikani atarukia la pili. Na kamati ya Seneti iliyoongozwa na Republican wenyewe ilikubali kwamba Warusi waliingilia!

Msidhani hayo ni ya wazungu tu. Machi 2020 Facebook na Twitter zilifunga akaunti zilizoendeshwa na vijana wa Ghana na Nigeria kwa niaba ya watu wa Urusi, wakijifanya Wamarekani weusi. Waafrika wenzetu, wengine bila hata kujua bosi ni nani.

Haya, ushuru. Huku kwetu ni mahindi, soya na nguruwe, kwa hiyo hili watu wanalijua kwa mifuko yao. Mwaka 2018 Trump alipandisha ushuru wa bidhaa za China. Julai China ikajibu, ikaipiga soya ya Marekani asilimia 25, ikaenda kununua Brazil. Serikali ya Trump ikabidi itenge hadi dola bilioni 12 kuwafidia wakulima. Na ukisikia "China inalipa", tulia kidogo. Ukiagiza gari Japani likafika bandari ya Dar, watoza kodi wa TRA wanamdai nani, wewe au Mjapani? Basi na huku ni hivyohivyo: anayelipa forodha ni mwagizaji wa Marekani, naye anajua pa kuipeleka hiyo gharama. Mimi nanunua, naiona.

Wademokrati walipiga kelele sana. Biden akaingia, ushuru mwingi wa China akauacha palepale, na 2024 akatangaza kupandisha wa magari ya umeme hadi asilimia 100. Kelele zikahamia kwingine.

Ila linaloniuma ni la mitumba. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuipunguza hadi iishe, ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakaenda kulalamika serikalini kwao. Kenya ikalegeza, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikakaza. Julai 2018 Trump akaziondoa nguo za Rwanda kwenye AGOA, ule mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, zikaanza kutozwa. Nyie wa Biden mnaocheka hapo, ngojeni: Uganda ilitolewa AGOA nzima Januari 2024, kwa hoja ya haki za binadamu, na aliyeitoa ni huyohuyo Biden wenu. Hoja inaweza kuwa na uzito wake, sibishi. Lakini fundi cherehani wa Kampala hakuulizwa.

Sasa nina ombi. Mnaouza mitumba Karume, Gikomba na Owino, niandikieni robota moja mmelinunua bei gani mwezi huu. Mimi video ijayo nitakwenda pale wanapozikusanya hizo nguo hapa Des Moines, niwaonyeshe wanavyozipokea. Atakayeniandikia habari za Trump badala ya bei, namfuta.