Duka na dudu: jinsi ya kupiga mdundo wa Billie Jean ukatambulika kabla besi haijaingia

Kabla sijasalimia, sikiliza hii. Du, ka, du, ka. Du, ka, du, ka. Basi. Sijaweka gitaa wala sauti ya mtu, na wewe uliyeko jikoni unaosha vyombo umeshaanza kutikisa kichwa. Ni Billie Jean ya Michael Jackson, iliyotoka kwenye albamu ya Thriller mwaka 1982, na kinachokupa jina la wimbo pale mwanzo ni dramu peke yake.

Haya, hamjambo. Leo tunaujenga mdundo huo hatua kwa hatua, halafu mwishoni tutaugeuza kidogo tupate mwingine wa mwaka 1963 ambao nao ukiupiga mtu hakuulizi ni wimbo gani.

Umesikia nilivyosema: du ni kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, na ka ni snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali inayopigwa kwa fimbo. Ukiviunganisha unapata duka. Duka, duka. Ndiyo, pale unaponunua sukari. Sema kwa mdomo mara kumi kabla hujashika fimbo, maana mdomo ukishajua, mikono haisumbui sana.

Kwanza, punguza vyombo. Tunahitaji kiki, snea na haihati, hayo matoazi mawili yanayofunguka na kufungwa kwa mguu wa kushoto. Ngoma nyingine zote zisogeze kando. Mimi hapa nimezifunika kabisa kwa kitenge, kwa sababu najijua. Huna seti? Kisigino sakafuni ni kiki, kiganja cha kushoto pajani ni snea, na kalamu mezani ni haihati. Wengi tulianzia hapo.

Pili, mkono wa kulia. Funga haihati ikaze, mguu wa kushoto usiinuke. Hesabu: moja na mbili na tatu na nne na. Kila neno ni pigo moja la haihati, kwa hiyo unapata mapigo manane, na huo ndio mzunguko mmoja. Sogea uone mkono wangu: kifundo ndicho kinachofanya kazi, kiwiko kimetulia. Wimbo wenyewe unakwenda mapigo 117 kwa dakika, ukihesabu namba tu bila zile "na", lakini weka metronomu, kile kifaa kinachogonga kukuwekea kasi, kwenye 80 kwanza. Najua 80 inachosha. Kaa nayo.

Tatu, mguu wa kulia. Kiki inaingia kwenye moja na kwenye tatu. Nne, mkono wa kushoto. Snea inaingia kwenye mbili na kwenye nne. Du, ka, du, ka, huku haihati ikipita juu yao bila kujali. Hapo umemaliza noti zote. Hakuna siri nyingine iliyofichwa, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuzipiga.

Sasa ndipo kazi inapoanza. Tega sikio pale kiki na haihati zinapokutana. Ukisikia "ta", viko pamoja. Ukisikia "tra", mguu na mkono vimepishana. Wasikilizaji hawatakwambia kuna "tra", watasema tu wimbo haujakaa. Jirekodi kwa simu, usijisikilize huku unapiga, sikiliza baadaye. Na snea ipige palepale katikati ya ngozi kila mara, kwa nguvu ileile. Kwenye rekodi hiyo ya dakika 4 na sekunde 54 snea inalia kama mara 280. Jaribu kupiga kitu kimoja mara 280 bila kimoja kuzidi kingine, utamheshimu aliyeipiga.

Na aliyeipiga ni nani? Hapa naomba radhi, nitatoka njiani kidogo. Anaitwa Leon Chancler, mzaliwa wa Shreveport, Louisiana, mwaka 1952, lakini kwenye kasha za santuri utakuta "Ndugu" katika jina lake. Ndugu hii hii yetu. Wanamuziki wa jazi wa Marekani waliomzunguka mpiga piano Herbie Hancock walijipa majina ya Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali. Chancler alishiriki kurekodi albamu yao ya Mwandishi mwishoni mwa 1970, akiwa na miaka 18, na jina la Ndugu akaenda nalo hadi alipofariki mwaka 2018. Mtu aliyepiga na mpiga tarumbeta Miles Davis, akapiga na kundi la jazi la Weather Report, akijua mbwembwe zote, siku ya Billie Jean akapiga duka, duka. Mimi nilipoanza kanisani nilikuwa naviringa ngoma zote kila mwisho wa mstari, mpaka mwalimu wa kwaya akaniuliza, "Mwanangu, unapiga dramu au unahama nyumba?"

Turudi. Hatua ya tano ni sauti, na hii ndiyo inayorukwa. Mhandisi wa sauti Bruce Swedien aliziweka dramu hizo juu ya jukwaa la mbao, akaivalisha kiki kifuniko chenye zipu, maikrofoni ikapitishwa kwenye zipu hiyo, kisha akaweka kibao kati ya snea na haihati ili sauti zisiingiliane. Ndiyo maana kila pigo linasikika kavu, limekatika, kama mtu anayefunga mlango wa kabati. Nyumbani tunafanya hivi: blanketi lililokunjwa ndani ya kiki, liguse ngozi, kipande cha gundi ya karatasi pembeni mwa snea, kisizidi urefu wa kidole. Piga. Bado inavuma? Ongeza kipande kingine. Mvumo ukiisha kabisa umezidisha, toa.

Sita, panda taratibu: 80, 90, 100, 110, halafu 117. Ukifika, piga mizunguko miwili peke yako. Pale ndipo besi inapoingia kwenye rekodi, na pale ndipo vijana wengi hushtuka wakakimbia. Usikimbie. Besi ndiyo inayokufuata wewe.

Sasa dudu. Mwaka 1963, Los Angeles, kundi la The Ronettes linarekodi Be My Baby, na kwenye dramu yuko Hal Blaine. Chukua duka letu, ile ka ya kwanza itoe. Kwenye mbili usipige snea. Kiki inapiga moja, inasubiri, inapiga ile "na" inayofuata mbili, inapiga tatu, kisha snea moja kubwa kwenye nne. Du… dudu, ka. Du… dudu, ka. Blaine mwenyewe alieleza kwamba lilikuwa kosa, pigo la snea lilimponyoka mapema, naye akaendelea kulikosa kwa makusudi mpaka mwisho. Ugumu wake uko kwenye ule ukimya wa mbili: mkono wa kushoto utataka kushuka wenyewe, umezoea. Ukishindwa, ukalie. Sitanii, weka mkono chini ya paja, piga kiki peke yake, kisha uutoe kwenye nne tu.

Fanya mizunguko minne ya duka, minne ya dudu, bila kusimama katikati. Kasi tuishushe tena, 80. Nawasha metronomu, nawe shika fimbo zako, au kalamu. Mkono wa kulia uko tayari juu ya haihati? Tunaanza na duka. Moja, mbili, tatu, nne.